Mtoto Mchanga Katika Safari Fupi ya Ndege

Safari fupi ya ndege, kwa makala haya, ni ile isiyozidi saa moja na nusu angani: Dar es Salaam kwenda Unguja, Dodoma, Kilimanjaro au Mwanza, Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu au Eldoret, Entebbe kwenda Nairobi. Mtoto mchanga ni aliye chini ya miaka 2, mpaka wa umri unaotumiwa na takribani mashirika yote ya ndege katika kukata tiketi. Hata hivyo maelezo yatakaa zaidi kwa walio chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa hao ndio wenye mahitaji ya pekee.

Ushauri mwingi unaotolewa kwa wazazi umetungwa kwa ajili ya safari za saa nane au kumi: kitanda cha mtoto cha kuning'iniza ukutani, midoli ya kumpotezea muda, ratiba ya usingizi. Safari fupi haihitaji hayo. Ndege ikishapaa, kipindi cha kutulia angani ni kidogo, na sehemu kubwa ya muda hupita ikipanda au ikishuka. Isitoshe, saa zinazotumika nyumbani, barabarani na uwanjani huzidi zile za angani. Kwa hiyo mzazi ana mambo mawili makubwa ya kupanga: muda wa uwanjani, na zile dakika 20 au 25 za mwisho kabla ya kutua.

Umri wa kuanza kusafiri

Mashirika mengi humpokea mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake akishatimiza siku 7. Mengine hutaka siku 14, na yapo yanayomkubali mapema zaidi kwa barua ya daktari. Sababu ya kungoja iko mwilini mwa mtoto. Katika siku za kwanza mapafu, ambayo tumboni yalikuwa yamejaa majimaji, yanazoea hewa, na mzunguko wa damu kati ya moyo na mapafu unajipanga upya. Baadhi ya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo hujitokeza katika siku hizohizo. Kwa mtoto njiti, hasa aliyewahi kuwekewa oksijeni, ruhusa itoke kwa daktari anayemhudumia.

Desturi ya arobaini, inayowaweka mama na mtoto ndani kwa siku 40, inakaribiana na ratiba ya kliniki. Tanzania na Kenya, mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha hurudi akiwa na wiki 6 kuanza chanjo dhidi ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kama safari si ya lazima, ni vizuri kungoja mpaka hapo, kwa kuwa ukumbi wa abiria ni mahali pa msongamano na kikohozi cha mtu mzima kinaweza kuwa kifaduro kwa mtoto. Chanjo ya surua huja akiwa na miezi 9. Kabla ya umri huo, kinga kubwa ni mikono safi na kutompitisha mtoto mikononi mwa kila anayempenda.

Tiketi na hati

Mtoto wa chini ya miaka 2 husafiri akiwa amepakatwa, na nauli yake mara nyingi ni takribani asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mtu mzima mmoja huruhusiwa kumpakata mtoto mmoja tu. Mama wa mapacha anahitaji mtu mzima wa pili, au amlipie mmoja wao kiti na kumfunga katika kiti cha mtoto kinachokubalika. Umri huhesabiwa kwa siku ya safari, si siku ya kukata tiketi, hivyo anayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi hulipiwa kiti chake wakati wa kurudi.

Mtoto atajwe mapema, tangu tiketi inapokatwa. Kila safu ya viti ina idadi maalumu ya barakoa za oksijeni, na kwa kawaida ya ziada ni moja tu. Ndiyo maana watoto wawili wa kupakatwa hawakalishwi upande mmoja wa safu moja. Idadi ya watoto wachanga wanaopokelewa katika ndege moja nayo ina kikomo, na mzazi anayemtaja mtoto kwenye kaunta anaweza kukuta nafasi hizo zimekwisha.

Kwa safari za ndani, hati kuu ni cheti cha kuzaliwa, ambacho Tanzania Bara hutolewa na RITA na Zanzibar hutolewa na wakala wake wa usajili. Kwa mtoto ambaye bado hana cheti, kuna tangazo la kizazi kutoka hospitali au kadi ya kliniki. Mzazi alipigie simu shirika kabla ya siku ya safari aambiwe wanapokea ipi. Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Raia wa baadhi ya nchi za Afrika Mashariki huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto hana kitambulisho hicho, hivyo lazima awe na pasipoti au hati ya safari iliyo na jina lake mwenyewe. Mzazi anayevuka mpaka na mtoto peke yake afanye vyema kubeba barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pale kinapotakiwa na nchi za kanda hii, mara nyingi hudaiwa kuanzia umri wa mwaka 1. Chanjo yenyewe kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9.

Aina ya ndege na kiti cha kuchagua

Safari fupi za kanda hii hutumia ndege za namna tatu. Ya kwanza ni ndege ndogo kama Cessna Caravan yenye injini moja, inayobeba abiria kumi na kidogo. Hii haina choo wala mhudumu, na mzigo mara nyingi hauzidi kilo 15 katika begi laini. Ya pili ni ile ambayo Watanzania huiita pangaboi: ATR 72 au Dash 8, yenye mapanga mawili mabawani na viti kama 70. Ya tatu ni jeti, kama vile Airbus A220 au Embraer 190.

Katika ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, maana sehemu ya mbele ni ya mizigo. Anayebeba mtoto akikaa safu za nyuma hupunguza kutembea ndani ya njia nyembamba, na hushuka miongoni mwa wa kwanza. Jeti na pangaboi zote zina choo, lakini cha pangaboi ni kidogo na aghalabu hakina meza ya kubadilishia nepi. Kiti cha dirishani kina faida mbili: mama hunyonyesha kwa faragha, na miguu na mikono ya mtoto haigongwi na toroli la vinywaji. Safu za milango ya dharura haziruhusiwi kwa aliyebeba mtoto.

Masikio na mgandamizo wa hewa

Kilio cha mtoto ndani ya ndege kina sababu nyingi, lakini cha wakati wa kushuka mara nyingi ni cha masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, kilichounganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba unaobeba jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Kazi ya mrija huo ni kusawazisha hewa ya ndani ya sikio na ya nje. Kwa mtoto mchanga mrija huo ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu usawa, tofauti na wa mtu mzima ulioinama.

Ndege inapopanda, mgandamizo wa hewa ndani yake hupungua, na hewa ya sikioni hutoka kwa urahisi. Inaposhuka mambo hugeuka: mgandamizo wa nje unaongezeka, ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani, na mrija unabanwa badala ya kufunguka. Mtu mzima hupiga miayo au humeza mate kwa makusudi. Mtoto hajui kufanya hivyo kwa kukusudia, ila akinyonya anameza, na kila anapomeza misuli ya kaakaa huufungua mrija. Ziwa, chupa na nyonyo, kwa hiyo, ni tiba ya masikio kabla ya kuwa chakula au kitulizo.

Ukubwa wa tatizo hutegemea njia. Ndani ya ndege kubwa hewa hudhibitiwa isipungue kuliko ile ya mwinuko wa futi 8,000, yaani takribani mita 2,400. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Nairobi ina takribani asilimia 82 ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Mtoto anayepaa kutoka Nairobi haoni badiliko kubwa wakati wa kupanda. Badiliko lote kubwa linamngoja akishuka Mombasa. Akirudi, hali ni kinyume: anapanda sana kutoka pwani, lakini kushuka kwake kunaishia Nairobi, juu. Familia inayoona mtoto alilia kwenda na akatulia kurudi haijakutana na muujiza. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwenda Dar es Salaam.

Caravan haina kabisa mfumo wa kudhibiti mgandamizo wa hewa, jambo linaloogopesha wazazi bila sababu kwenye njia ya Unguja. Umbali kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 75, safari ni ya dakika 20 hivi, na ndege haipandi juu sana; badiliko la hewa ni dogo kuliko la jeti inayoshuka kutoka juu.

Hewa inayotanuka iko tumboni pia. Katika mwinuko wa futi 8,000 gesi iliyofungiwa huongezeka ujazo kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na pwani. Mtoto aliyenyonya akameza hewa, kisha hakucheulishwa, atajikunja kwa maumivu ndege inapopanda. Dakika chache za kumweka begani na kumpigapiga mgongo kabla ya kupanda ngazi zina thamani kubwa.

Kumpakata kwa usalama

Kosa la kawaida ni kuuzungusha mkanda wa kiti cha mama ukamfunga na mtoto pamoja. Ndege ikisimama ghafla, uzito wote wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Njia inayotumiwa Ulaya na katika mashirika mengi duniani ni mkanda mdogo wa nyongeza, unaopitishwa kwenye mkanda wa mama na kufungwa kiunoni mwa mtoto. Mhudumu hugawa mikanda hiyo kabla ya kuruka; asipoleta, aombwe. Mbeleko au kanga ya mgongoni hufunguliwa wakati wa kupaa na kutua. Katika ndege inayovuka maji, aulizwe mhudumu ilipo jaketi ya kuokolea maisha ya mtoto, kwa kuwa ya watu wazima haimfai.

Hata mkanda huo wa nyongeza una wapinzani. Marekani huukataza wakati wa kupaa na kutua kwa hofu ya kuumiza tumbo la mtoto, na mamlaka yake ya anga hushauri mtoto awe na kiti chake, ingawa hailazimishi. Mjadala huo ulipamba moto baada ya Julai 1989, ndege ya United Airlines ilipoanguka ikijaribu kutua Sioux City, jimbo la Iowa. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa, na kwa utaratibu wa wakati ule wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni. Mmoja alifariki. Jan Brown, aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa ndege hiyo, alitumia miaka mingi akidai kila mtoto afungwe katika kiti chake. Mamlaka ilijibu kwamba kulazimisha nauli kamili kungezirudisha familia nyingi barabarani, ambako watoto hufa zaidi. Hoja hiyo ya pili inaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyepanda basi la Dar es Salaam–Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Asiyeweza kumlipia mtoto kiti hajakosea, ila akubali mkanda wa nyongeza.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kikombe. Vinywaji vya moto ni miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha ya watoto ndani ya ndege, na mtoto wa kupakatwa yuko mahali hasa chai inapomwagikia. Kwa safari ya saa moja, kahawa inaweza kungoja. Barakoa za oksijeni zikishuka, mzazi avae yake kwanza. Katika futi 35,000 mtu aliyekosa oksijeni ana nusu dakika hadi dakika moja ya akili timamu, na mzazi aliyezimia hawezi kumsaidia mtoto.

Maziwa na chakula

Anayenyonya ziwa ndiye msafiri mwepesi kuliko wote. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji, hata kwenye joto la pwani. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, hivyo Mombasa au Tanga yabebwe kwenye mfuko wenye barafu.

Maziwa ya kopo hayachanganywi nyumbani asubuhi kwa ajili ya adhuhuri. Unga wake si tasa, na Shirika la Afya Duniani hushauri yatengenezwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe. Yaliyokwisha tengenezwa na kuachwa nje yatumike ndani ya saa 2. Kwa safari fupi inatosha kubeba maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai, unga uliopimwa katika kikopo kikavu, na chupa mbili safi. Chupa itengenezwe na kupozwa ukumbini, kabla ya kuitwa kupanda. Maji ya bomba la ndege yasitumike. Kwa mtoto aliyeanza kula, ndizi mbivu ni chakula kisichohitaji chombo.

Katika safari za kimataifa, sheria ya mililita 100 kwa vimiminika, iliyoanza mwaka 2006, huwaachia nafasi wanaobeba maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari. Mkaguzi anaweza kutaka chupa ifunguliwe, kwa hiyo ziwekwe juu ya begi, si chini ya nepi.

Siku yenyewe

Nepi, au pampasi kama wengi wanavyoziita, ibadilishwe mara mbili bila kujali kama imelowa: kabla ya kutoka nyumbani na kabla tu ya kuitwa kupanda. Begi la mkononi libebe nepi tatu au nne, nguo mbili za mtoto, blauzi moja ya mama, kanga mbili, na hati zote mfuko wa nje. Kanga hufanya kazi ya shuka, kivuli, pazia la kunyonyeshea na taulo.

Kwenye ukaguzi mtoto hutolewa kwenye kigari au mbeleko na mama hupita naye mikononi, huku kigari kikipita kwenye mashine. Kigari hupokelewa na mashirika mengi hadi mlangoni mwa ndege, lakini pangaboi hupandwa kwa ngazi, na huko mkono mmoja unahitajika kwa mtoto na mwingine kwa kishikizo. Anayesafiri peke yake atapata nafuu kwa mbeleko ya kifuani.

Uwanjani mtoto anyonye kidogo, asishibe kabisa. Rubani anapotangaza kuanza kushuka, aanze kunyonya tena na aendelee hadi magurudumu yaguse ardhi. Kusubiri taa ya mikanda iwake ni kuchelewa, kwa sababu kushuka huanza kabla yake. Mtoto aliyelala humeza mara chache. Akiwa ametulia si lazima aamshwe, ila ziwa au nyonyo iwe tayari akishtuka.

Baada ya kutua

Safari ya saa moja inaweza kumhamisha mtoto kutoka mji wenye malaria kidogo hadi ukanda wenye malaria nyingi: Nairobi kwenda Kisumu au Mombasa, kwa mfano. Chandarua chenye dawa kibebwe hata kama mwenyeji ameahidi kuwa nacho. Dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET haziwekwi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Homa inayotokea wiki moja au zaidi baada ya kufika, hata familia ikiwa imesharudi, ipimwe malaria, na muuguzi aelezwe walikokuwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura popote alipo.

Wakati wa kuahirisha

Safari isimame mtoto akiwa na maumivu ya sikio, homa, pumzi za haraka au kuhara kunakoendelea. Mafua mepesi hayamzuii kila mtoto, lakini huziba mrija wa sikio na kuzidisha maumivu. Daktari amtazame kwanza. Dawa za mzio zinazoleta usingizi zisitumiwe kumtuliza: hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, zinaweza kupunguza pumzi, na watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza. Tiketi inaweza kubadilishwa kwa faini, na faini hiyo ni nafuu kuliko usiku wa hospitali katika mji wa ugenini.

Mzazi anayesafiri kwa mara ya kwanza na mtoto ashike manne: hati zenye jina la mtoto, mkanda wa nyongeza, kinywaji cha moto mbali, na ziwa au chupa wakati wa kushuka. Mengine yakisahaulika nyumbani, safari fupi haitaharibika.